KWA KIDOLE CHA MGUU, wana mpakani! Kidole cha MGUU!

Nzige_wa_Busia (mwenye uzi)

Leo sina salamu. Nimetoka pale sasa hivi, mikono inatetemeka, simu iko asilimia 9 na nitaandika mpaka izime.

Mnamjua, simtaji. Yule wa kibanda cha gemu chenye pazia la zambarau, ukishuka kutoka stendi ya boda, anayevaa jezi ya timu ambayo hajui hata kipa wake. Huyo huyo. Leo amenizimia gemu kwa kidole cha mguu.

Mkono ulikuwa na kazi, ulikuwa umeshika muhogo.

Siku kumi na tisa nacheza High on Life pale kwake, shilingi 1,000 kwa nusu saa, pesa taslimu, sijawahi kukopa (mara moja tu, na aliruhusu). Kwa wasioijua: wageni wa anga za mbali wamevamia dunia baada ya kugundua kwamba binadamu anavutika. Wanatuvuta, jamani, kama bangi. Genge lao linaitwa G3. Wewe unakuwa mwindaji, unalipwa kwa kila kigogo wa genge unayemuua, na bunduki zako zina macho na midomo na HAZINYAMAZI. Kenny ndiye wa kwanza kumpata, ana maneno kuliko kinyozi. Kuna kisu kinaitwa Knifey, kinaomba damu muda wote kama mbu wa Majanji. Na kule nyumbani kuna mzee Gene kajikalia sofani, miguu hana, kazi yake kukutuma na kula vyako. Mimi nilimwona tu nikajua huyu ni shemeji.

Basi nimemaliza 9-Torg, nikamaliza Krubis, nikamaliza wote, leo nimefika kwa Garmantuous mwenyewe, mkubwa wa genge. Bado kidogo sana. Watoto nyuma yangu kimya. Muuza mitumba amesimama mlangoni na suruali za watu begani, amesahau kuuza. Ndipo nikaona kwa pembe ya jicho mguu unakuja.

Ndala ya bluu, kamba moja imeshikiliwa na waya. Kidole gumba chenye ukucha mweusi ambao uligongwa na kitu tangu Krismasi na hautaki kung'oka. Mashine iko chini juu ya kreti la soda, si mnajua. Kile kidole kikanyooka, kikapapasa, polepole, kama bibi anayetafuta kiberiti gizani. Kikapata kitufe. Kikabonyeza. Kikashikilia mpaka ikalia pii.

Kioo kikawa cheusi, nikajiona mwenyewe humo ndani, mdomo wazi.

Nikageuka. Anatafuna. Ananiambia hivi: "Kijana, hiyo siyo gemu, ni redio yenye risasi. Pedi yangu moja ya kuchezea inalala njaa. Toka, kuna watu wawili wa mpira."

REDIO YENYE RISASI.

Nimetoka hata kofia nimeisahau. Ni ya kijivu. Anayepita anichukulie, mimi pale sikanyagi tena hadi Kiama.

---

Chapati_Mbili: Pole sana ndugu yangu. Nimecheka mpaka abiria wa mbele kwenye matatu amegeuka.

Hajati_wa_Jinja: Mhogo wa kuchemsha au wa kukaanga?

Nzige_wa_Busia: Hajati tafadhali. Wa kukaanga. Na pilipili.

Hajati_wa_Jinja: Basi angetumia mkono angekuharibia mashine kwa mafuta. Mtu amekufikiria.

Mzee_wa_Kreti: Mimi nitasema ukweli mnitukane. Piga hesabu. Mechi ya mpira dakika kumi, kila mtoto 500, wawili 1,000. Nusu saa ni mechi tatu, elfu tatu hiyo. Wewe unampa elfu moja na kiti umekalia wewe, na umeleta mashabiki kumi wanaotazama bure na kumaliza hewa. Yaka ya umeme analipa nani? Gemu ya mtu mmoja ichezwe nyumbani kwa mtu mmoja.

Nzige_wa_Busia: Sawa mzee, hesabu nimeielewa. Lakini KIDOLE CHA MGUU? Angesema tu "kijana muda umeisha". Ana mdomo.

Mzee_wa_Kreti: Mdomo ulikuwa na muhogo.

Kenny_wa_Malaba: 😂😂😂 Uzi ufungwe hapa.

Pedi_Kavu: Swali la kitaalamu kidogo. Hiyo gemu si inajihifadhi yenyewe? Ukiwasha kesho utaanzia karibu na hapo hapo kwa Garmantuous. Hujapoteza siku kumi na tisa, umepoteza labda robo saa.

Nzige_wa_Busia: Najua.

Pedi_Kavu: Sasa unalia nini?

Nzige_wa_Busia: Hukuuona ule ukucha wewe.

Dada_Risasi: Mimi naomba kushuhudia upande wa mshtakiwa, maana nilikuwepo wiki iliyopita. Mwajua huyu mwenye uzi alifanya nini? Ndani ya ile gemu kuna sebule, na sebuleni kuna televisheni, na ile televisheni inaonyesha filamu nzima, ya kweli, mwanzo hadi mwisho. Bwana huyu ALIKAA AKAITAZAMA. Amelipa pesa ya gemu, ameshika pedi, anatazama mtu aliyekaa sofani anayetazama filamu. Watoto wamejaa hadi nje. Mwenye kibanda anazunguka kama kuku anayetaka kutaga, anauliza "sasa ataua lini?"

Chapati_Mbili: Banange!!

Nzige_wa_Busia: Ilikuwa sehemu ya hadithi.

Dada_Risasi: Haikuwa. Hata Kenny alichoka.

Kenny_wa_Malaba: Msinitaje bure. Halafu ndugu, zile kelele za bunduki zinapunguzwa, nenda kwenye mipangilio. Ungezipunguza yule mzee asingepata hilo neno la redio.

Nzige_wa_Busia: Nizipunguze za nini? Ndiyo gemu yenyewe hiyo! Kuna yule mtoto wa mjini Blim anayekuzuia njia na kukutukana, unasimama pale, bunduki inakubembeleza, unajiuliza nimpige nisimpige. Ukizima maneno unabaki na nini? Asilimia 4.

Afande_Mstaafu: Vijana, enzi zetu tulicheza Half-Life, shujaa wake Gordon Freeman hasemi neno hata moja tangu aanze, na kazi ilifanyika. Siku hizi hadi kisu kina maoni.

Pedi_Kavu: Afande shikamoo. Ila wewe ulikuwa unacheza au ulikuwa doria?

Afande_Mstaafu: Marahaba. Vyote.

Tororo_Mwamba: Mnalia na redio, mimi naomba nilie na malaria. Kuna mtu hapa alicheza Far Cry 2? Ya 2008. Wamekuweka kwenye nchi ya Kiafrika isiyo na jina, wakakupa MALARIA mwanzoni kabisa. Uko katikati ya kurushiana risasi, macho yanaanza kuona ukungu, lazima umeze kidonge. Vidonge vikiisha uende kutafuta kwa watu. Mimi nililipa pesa nikapumzike, nimetoka kwa daktari asubuhi nina malaria yangu halali, nawasha gemu, nina nyingine.

Hajati_wa_Jinja: Na bunduki zinaoza mkononi. Unavuta risasi, imekwama, unaipiga makofi.

Tororo_Mwamba: Makofi! Na vile vizuizi vya barabarani! Unapita, unaua wote, unaenda mita mia mbili kuangalia almasi, unarudi wamejaa tena, wamenywa chai, wanakungoja.

Boda_Namba_Saba: Huo sasa uhalisia, msiulaumu. Mimi kutoka hapa hadi Bugiri vizuizi ni hivyo hivyo, ukirudi wamejaa tena. Sema mimi sina bunduki hata ya kukwama.

Mzee_wa_Kreti: Boda, taratibu, watu wanasoma.

Boda_Namba_Saba: Sijataja mtu.

Nzige_wa_Busia: Jamani turudi kwenye mada. Kidole cha m

Chapati_Mbili: Imezima 😂

Dada_Risasi: Kwa kidole cha nani?

Pedi_Kavu: Si angenunua tu yake acheze kwao. High on Life kwenye PS4 ipo tangu Julai 2023.

Tororo_Mwamba: Aishushe kwa bando gani? Kile kitu ni kizito kama gunia la saruji. Unajua kwamba tangu Julai 2021 data hapa Uganda inakatwa kodi asilimia 12? Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 200 kila siku ili tu umwambie mama umefika salama. Mimi nilijaribu kushusha gemu moja mwaka jana, nikalala, nikaamka, imefika asilimia 31 na bando limekufa na umeme umekatika. Nikabaki namtazama ukutani mjusi.

Kenny_wa_Malaba: Vuka upande wa pili ukatumie ya Kenya.

Tororo_Mwamba: Na hapo ndipo penye uwizi mwingine. Kibanda cha gemu ng'ambo kinataka shilingi za Kenya, ukitoa za kwetu anabadilisha kwa kiwango alichoota usiku. Nilimpa noti nzuri, akaiinua kwenye jua kama eksirei.

Afande_Mstaafu: Kiwango huulizwa kabla ya kukaa.

Hajati_wa_Jinja: Tukisema wizi, mimi nina wangu. Yule kaka wa rolex, chapati ya kukunjia mayai, pale pale karibu na pazia la zambarau. Tangu lini rolex ya mayai mawili ina yai moja na la pili ni hadithi? Nimefungua chapati yangu nyumbani, nimekuta kabichi, kitunguu, na kitu cha njano kama ramani.

Boda_Namba_Saba: Hajati umesema! Anavunja yai la pili huku anakuuliza "nyanya iwepo?" Ukiinua macho kumjibu, yai limeshapotea.

Mzee_wa_Kreti: Uongo. Mimi ananipa mawili kila siku.

Boda_Namba_Saba: Wewe unamkopesha kreti, mzee.

Dada_Risasi: Ngojeni niende mwenyewe nikahesabu, niko karibu.

Chapati_Mbili: Beba mizani.

Dada_Risasi: Nimerudi. Ni mawili, ila ni madogo, kama ya kwale. Na foleni ni ndefu. Aliyekuwa mbele yangu ni yule wa kibanda, kavaa kofia ya kijivu, ameongezewa nyanya bila kuomba.

Hajati_wa_Jinja: Nyanya za bure?! Mimi jana nimekatwa 300 kwa nyanya!