Bahari inamega tuta la mchanga mbele ya nyumba, nijenge ukuta?

Mkazi_Ufukweni: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sina. Nyumba yangu iko nyuma ya tuta la mchanga. Kila bamvu (maji kujaa kupita kawaida) likija mawimbi yanamega chini, juu linaporomoka. Upande wa baharini umesimama wima kama umekatwa kwa panga, mizizi mikavu inaning'inia. Nijenge ukuta wa mawe?

Ngoja_Waje: Pole mkuu. Ila bahari haina jirani. Mimi nilijenga bondeni, mafuriko yakanihamisha na watoto usiku. Uza uondoke.

Nahodha_Mstaafu: Wimbi likigonga ukuta halifi, linarudi na mchanga wa chini yake. Ufukwe unakwisha, na walio kwenye ncha za ukuta wanaliwa zaidi. Waholanzi mwaka 2011 walimwaga pwani yao mchanga mita za ujazo milioni 21.5, wakaacha mawimbi, mikondo na upepo viusambaze. Hiyo mizizi mikavu ni ya nini? Majani yake yako wapi?

Mkazi_Ufukweni: Nilifyeka. Kilele nacho nikakishusha kidogo tuone bahari. Ni kwangu, na nyoka walizidi. Sasa upepo unajaza mchanga mpaka barazani.

Mama_Wawili: Nyoka usiseme! Shemeji alimkuta mmoja ndani ya kiatu.

Mpekuzi: Chai hii. Mara mchanga unaliwa, mara unajaa barazani. Mleta mada anatunga.

Nahodha_Mstaafu: Hatungi. Tuta likivuliwa majani ndivyo linavyokuwa: chini wimbi linamega, juu upepo unasukuma mchanga nchi kavu. Dhoruba ikichukua mchanga, mawimbi tulivu huurudisha ufukweni taratibu na upepo huupandisha, lakini lazima ukute majani ya kuunasa. Weka uzio wa vijiti, nusu wazi nusu umezibwa, upepo upite ukipungua kasi. Mvua zikianza panda mimea itambaayo ya ufukwe huohuo. Watu wasikanyage tuta, watengenezee njia ya mbao iliyoinuliwa.

Mkazi_Ufukweni: Mawe yameshashushwa, fundi ana kianzio changu. Vijiti vitazuia bahari kweli?

Nahodha_Mstaafu: Havizuii. Vinakusanya mchanga ili bahari iule mchanga huo kabla ya kufikia nyumba. Ila kama ukingo umeshafika karibu na msingi, vijiti vimechelewa, tafuta mhandisi wa pwani kabla fundi hajagusa jiwe. Kutoka ukingoni hadi msingi ni mita ngapi?

Mpekuzi: Na picha uweke.

Mkazi_Ufukweni: Sijapima. Maji yakitoka asubuhi napima na picha naweka. Fundi anakuja Jumatatu.