Tupeane uzoefu: ulipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, wodini walikusahihishaje?

KofiaNyeupe (mleta mada)
Habari za jioni, ndugu zangu. Leo asubuhi nilimpeleka mama mkwe kusafishwa kidonda. Mwanafunzi aliyemhudumia alijisahau akagusa kitasa cha dirisha akiwa amevaa glavu tasa, zile zisizo na vijidudu, na sista aliyekuwa mlangoni akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la wagonjwa: "Wewe ulichagua uuguzi au ulikosa pa kwenda?" Binti hakujibu. Aliendelea kufunga bandeji huku mikono ikimtetemeka, akiwa na glavu zile zile, kwa kuwa katika yote aliyoambiwa hapakuwa na neno hata moja la kumtaka azibadilishe. Nimekumbuka mbali. Naomba kila mmoja aeleze alivyosahihishwa, au anavyosahihisha sasa.

Mtoto wa Zamu
Kweli tupu. Nilikaripiwa miaka mitatu. Makaripio nayakumbuka yote, makosa siyakumbuki.

MatoneArobaini
Mimi nilisahihishwa vizuri, na naona niseme mapema kabla uzi haujageuka msiba. Nilipewa dripu ya lita moja iende kwa saa nane, nikaifungua kwa kukadiria kwa jicho. Mkuu wa wodi alipopita alisimama kando yangu, akatazama saa yake, akasema kwa sauti ya chini: "Nihesabie." Nikahesabu matone 60 kwa dakika. Akauliza: "Kwa mwendo huo itaisha baada ya muda gani?" Mpira wetu wa dripu ulikuwa wa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo nilipopiga hesabu nyuma ya karatasi ya vipimo nikapata saa tano na nusu. Nikaipunguza mwenyewe hadi matone 42. Mgonjwa hakujua hata kwamba nilikuwa nimekosea, na mpaka leo siwezi kuondoka kwenye kitanda chenye dripu bila kuhesabu.

Mkunga Mstaafu
Wanangu, mnadekezana. Wodi ina wagonjwa arobaini na wauguzi wawili, huo muda wa "nihesabie" unatoka wapi? Mimi nilikemea, na waliopita mikononi mwangu leo ndio wanaotegemewa leba.

Mtoto wa Zamu
Shikamoo, mama. Kwa heshima zote, waliopita unawajua. Walioacha masomo hukuwahesabu.

Mkunga Mstaafu
Marahaba. Asiyeweza kuvumilia ukali wangu angewezaje kuvumilia leba saa tisa ya usiku?

Taa ya Wodi
Nilikuwa nimepanga kusoma tu, lakini hiyo saa tisa ya usiku imenigusa. Nilikuwa mwaka wa tatu, wodi ya wazazi, akaletwa mama mwenye kifafa cha mimba. Niliambiwa niandae magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, dozi ya kuanzia, gramu 4 za mshipani. Ampuli zilikuwa za asilimia 50, ambazo lazima zizimuliwe hadi asilimia 20, yaani mililita 8 za dawa kwa mililita 12 za maji ya sindano. Maji yalikuwa yameisha kwenye trei. Sikuuliza yalipo, kwa sababu jioni ile ile nilikuwa nimeshafokewa kwa kuuliza pamba iko wapi. Nikajiambia labda si lazima, nikasogea kitandani na zile mililita 8 tupu.

Sista alinidaka kifundo cha mkono, akasema: "Simama." Kwa hilo namshukuru hadi leo. Kisha akaliinua lile bomba la sindano juu mbele ya ndugu wa mgonjwa akasema: "Mnamwona huyu? Alitaka kuwaulia mtu." Mama mzazi wa yule mgonjwa akamfunika mwanawe kanga, akaapa kwamba hakuna mwanafunzi atakayemgusa tena. Dawa ilizimuliwa ikaingia, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimepangiwa kuangalia upumuaji, mkojo na mshtuko wa goti (goti linavyoruka likigongwa) baada ya hapo, na sista alikuwa na wengine watatu wenye uchungu. Kwa karibu saa mbili hakuna aliyemwangalia yule mama. Alipona, na mtoto pia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini sikuweka maji.

Bwana Drip
Sista alikuwa sahihi. Aliokoa maisha.

MatoneArobaini
Soma tena, mkuu. Hakuna anayelalamikia kudakwa mkono. Tunazungumzia kilichofuata baada ya mkono kudakwa.

Bwana Drip
Basi hata mwanafunzi kupewa magnesiamu bila msimamizi ni kosa.

Taa ya Wodi
Msimamizi ndiye aliyenidaka.

Mwalimu wa Kliniki
Chuoni tulifundishwa kuanza na sifa, kisha kosa, kisha sifa nyingine. Nimeacha. Nikisema "umejitahidi," wanafunzi wangu wanashika roho kusubiri panga. Siku hizi namwita pembeni zamu haijaisha, namwacha aanze yeye kueleza alichofanya, kisha nataja jambo moja tu nililoliona kwa macho yangu. Nikisema "huna umakini," hana cha kurekebisha. Nikisema "uliweka koleo kwenye shuka," anacho.

Jembe la Mwaka wa Pili
Mwalimu, mngekuwa wengi. Kwetu kitabu cha mazoezi kinasainiwa chote Ijumaa ya mwisho. Nilikaa wiki nane nikiitikiwa "sawa, endelea," halafu nikakuta kwenye fomu nimeandikiwa kwamba sijui kupima presha. Wiki nane!

Bwana Drip
Mpelekee sista chai na chapati kabla ya zamu, utasainiwa mapema.

Mwalimu wa Kliniki
Usimpotoshe mtoto. Jembe, kabla ya kuanza kazi mwambie: "Sista, naomba uangalie ninavyofunga kitambaa cha presha tu." Ombi dogo kama hilo ni vigumu kulikataa.

Mkunga Mstaafu
Kukataliwa kupo, mimi nilikataa wengi. Ila hayo maji ya sindano, Taa, lilikuwa kosa la wodi. Ningekufokea hivyo hivyo, na nisingeyaona.

Mtoto wa Zamu
Mleta mada, hujamaliza. Zile glavu je? Wewe si muuguzi? Ulimwambia abadilishe?

KofiaNyeupe (mleta mada)
Sikusema. Nina miaka kumi na minne kazini, na nilikaa kwenye benchi nikainamisha uso, nikiogopa sista asinigeukie na mimi. Tulipofika nyumbani nilikifungua kidonda, nikakisafisha upya.