Tupeane uzoefu: ile supamaketi mpya ya vyakula vya Asia hapa Kisumu

Nyar Kano (mwanzisha mada)

Wadau, hamjambo. Hapa Kisumu ukisema duka la Muasia, mtu anamwaza Mhindi, na hajakosea. Tangu reli ifike ziwani mwaka 1901, bizari, dengu na samli tunanunua kwao. Hii mpya ni Asia nyingine: Uchina, Korea, Japani, Thailand. Jina silitaji, sijalipwa kuitangaza. Nimeingia mara tatu, na ile ya kwanza ilinitia aibu mpaka leo.

Nilikuwa namngoja mama mkwe kutoka Ahero. Sasa mjue, huyu mama ni mkulima wa mpunga. Mchele anaujua tangu kitaluni hadi kinuni. Ukimwandalia wali anakagua punje kabla hajanawa mikono. Nikasema leo nitamwonyesha kitu ambacho hajawahi kuona. Rafuni nikakuta mchele mfupi, mnene, mweupe unaong'aa, na bei imeshushwa. Mfuko mzima ni Kikorea, ila kuna kibandiko kidogo chini kimeandikwa mchele, basi. Nikabeba kilo tano.

Nikapika pilau. Kitunguu kikageuka rangi vizuri, nyama ikalainika, viungo vyote vipo, maji vikombe viwili kwa kimoja kama siku zote. Kufunua sufuria, mwiko ukasimama wenyewe. Nikapalia makaa juu ya kifuniko nikidhani maji yatakauka, kumbe ndiyo naharibu zaidi. Mama akapakuliwa. Akageuza na kijiko mara moja, mara mbili, akaniuliza kwa upole, ule upole unaouma: "Nyathina, hii ni pilau ama ni kuon?" Yaani mwanangu, ni pilau ama ni ugali. Mume wangu alitoka nje kujifanya anapokea simu.

Hata hivyo alikula, na akaongeza. Sijui ni huruma au ni njaa ya safari.

Haya, leteni zenu. Ulinunua nini, ulipikaje, ulijuta ama ulirudi? Mimi nimebaki na kilo nne.

Boda wa Kondele

Mimi sikununua kitu, nilitumwa. Mteja wa Milimani alinipa oda, ndani kuna chupa ya mchuzi wa samaki wa Thailand. Tuta moja tu hapo njiani, chupa ikapasuka kwenye begi. Dada zangu, mimi nimezaliwa Dunga, harufu ya samaki hainitishi. Hii ilinitisha. Wiki nzima abiria wanapanda, wananusa, wanashuka. Ikabidi nilipe chupa na ninunue begi lingine.

Mama Lishe, Kibuye

Nilienda kuona tu, maana wateja wangu walikuwa wanaulizia tambi. Nikafika mahali pa samaki wakavu, nikaona pakiti ya plastiki inang'aa, ndani visamaki vidogo vya fedha. Nikasema hii ni omena! Nikageuza kuangalia bei. Ile pakiti haijazi kiganja, na pesa yake naenda nayo sokoni narudi na gorogoro na chenji ya nyanya. Ni omena imevaa tai tu. Nilicheka peke yangu mpaka askari akaanza kunifuata.

Na hilo la askari nalo tuliseme. Mbona ukivaa leso unafuatwa rafu kwa rafu, na yule aliyekuja na gari anafunguliwa mlango?

Mwalimu Mstaafu

Nyar Kano, binti yangu, kosa si lako. Mchele una wanga wa aina mbili, amilosi na amilopektini. Ule mfupi wa Korea na Japani una amilosi kidogo, ndiyo maana unashikana. Wenyewe wanautaka hivyo, na Wajapani wanakula kwa vijiti. Punje za kuachana wangeziokota mpaka kesho. Uoshe mpaka maji yakaribie kuwa maangavu, uloweke nusu saa, kisha kikombe kimoja kwa maji kikombe kimoja na robo. Ule na mchuzi mzito. Pilau usijaribu tena, hiyo rudia pishori.

Mama wa Kibuye, umeona sawasawa. Wajapani huchemsha visamaki vikavu kama hivyo kupata supu ya kupikia, wanaiita dashi. Ule utamu ambao si wa sukari wala wa chumvi, ambao omena inao, mkemia wao Kikunae Ikeda aliutoa kwenye mwani wa baharini mwaka 1908. Ndiyo ile unga inayong'aa wanayouza kwa pakiti pale, ambayo watu wananong'ona kwamba ni sumu. Nyanya iliyoiva nayo inao huo huo.

Mimi ninachoogopa ni sosi ya soya. Nina presha. Kijiko kikubwa kimoja kina sodiamu, ile ya kwenye chumvi, kama miligramu 900, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite 2,000 kwa siku. Mke wangu alikuwa anamimina kama anamwagilia sukuma. Chupa nimeificha, na naomba asisome hapa.

Msabato wa Kendu Bay

Nilinunua vile viandazi vya mvuke vilivyogandishwa, nikajua ni vya mboga kwa sababu picha ilikuwa na jani. Nikala vinne. Kijana wangu akaelekeza kamera ya simu kwenye maandishi itafsiri: nguruwe na kabichi. Mimi nimekulia kanisani, hicho kitu hakijawahi kuingia kwetu. Sikulala.

Bi wa Manyatta

Pole sana ndugu yangu, wewe na sisi Waislamu hapo tuko mtumbwi mmoja. Mimi nimejifunza alama moja tu ya Kichina na imenitosha: 猪, nguruwe. Lakini usitulie ukiikosa. Kwa Wachina, kitu kikiandikwa nyama tu bila kutaja ya nani, mara nyingi ni ya huyo huyo. Angalia pia mafuta ndani ya biskuti, na jelatini kwenye peremende za watoto. Mimi kisicho na alama ya halali nakirudisha rafuni bila kuona haya. Mboga, uyoga mkavu na tofu, ile kama jibini ya soya, nanunua. Tofu ukiikaanga kwa tangawizi na pilipili mboga, watoto hawaulizi nyama iko wapi.

Jambo lingine, someni risiti. Rafuni sosi ilikuwa 340, mashine ikasoma 430. Keshia akaniambia bei imebadilika leo. Nikamwambia basi mbadilishe na karatasi, mimi nalipa niliyoiona. Foleni ikarefuka, watu wakaanza kuguna, mkubwa wao akaja. Nililipa 340. Katiba kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na bidhaa, na bei ni habari.

Mwanafunzi, Maseno

Tambi za Korea za pilipili. Tulishindana hosteli, nani atamaliza bila kunywa maji. Nilishinda, kisha nikashindwa kuhudhuria masomo ya asubuhi. Mwezi Juni 2024 Denmark iliziondoa madukani aina fulani kwa sababu ya ukali, mimi nimesoma hayo baada ya kula. Maji hayasaidii kabisa, pilipili haiyeyuki humo. Kilichoniokoa ni maziwa mala.

Nyar Kano

Mwalimu, asante. Jana nimeupika kwa vipimo vyako na mchuzi wa ngege, nyumba nzima imenyamaza inakula. Boda wa Kondele, pole, mimi ndiye ningekuwa abiria wa kushuka.

Sasa kuna kesi mpya. Mama mkwe amepiga simu asubuhi. Hakuuliza habari za watoto. Anataka kujua ule mchele wa kushikana unauzwa kilo pesa ngapi, nikamtajia. Akanyamaza muda. Akasema anakuja Jumatatu, nimpeleke auone mwenyewe, na nimtafutie mtu wa kumuuliza kama mbegu yake inaweza kushika kwenye maji ya Ahero. Anayejua wanafungua saa ngapi aniambie, huyu mama hufika mjini saa kumi na mbili na nusu.