Cheti cha upungufu mkubwa wa kuona kitoshe kupata PIP, au tathmini ibaki?

Nuktanundu

Naleta hoja inayohusu wasioona walioko Uingereza. Mwenye ulemavu aliye kati ya miaka 16 na umri wa pensheni ya serikali huomba mafao yanayoitwa PIP. Wizara ya Kazi na Pensheni, yaani DWP, hailipi kwa jina la ugonjwa. Inatoa pointi kwa shughuli 12: shughuli 10 ni za maisha ya kila siku na 2 ni za kutembea na kusafiri. Kila upande unahesabiwa peke yake. Ukifika pointi 8 unalipwa kiwango cha kawaida, ukifika 12 unalipwa kiwango cha juu.

Wakati huohuo hospitalini kuna cheti cha CVI, kinachotiwa saini na daktari bingwa wa macho. Kina madaraja mawili: upungufu wa kuona, na upungufu mkubwa wa kuona. Swali langu ni hili: mwenye daraja la pili kwa nini ajazishwe fomu nene kisha ahojiwe kama anaweza kusoma barua?

Mimi nasema alipwe kwa cheti. Serikali yenyewe inakiamini cheti hicho kwingine. Kwa Uingereza na Wales ndicho kinachompa asiyeona nafuu ya kodi ya mapato, ambayo kwa mwaka 2025/26 ni pauni 3,130 zisizokatwa kodi. Ndicho kinachompunguzia nusu ya leseni ya televisheni. Na jambo hili si geni hata kwenye mafao ya ulemavu: tangu Aprili 2011, chini ya mafao ya zamani ya DLA, aliyethibitishwa na daktari kuwa anaona chini ya 3/60 alipata kiwango cha juu cha kutembea bila kubishana na mtu. PIP ilipoanza 2013, njia hiyo haikuingizwa kwenye kanuni mpya.

Mpimamacho

Ndugu Nuktanundu, uchungu wako nauelewa, ila cheti hakibebi mzigo wote huo.

Tuanze na hiyo 3/60 yenyewe. Maana yake ni kwamba herufi ambayo mwenye macho mazima anaisoma akiwa umbali wa mita 60, wewe unaisoma ukiwa mita 3, tena miwani yako ukiwa umeivaa. Ni kipimo cha herufi nyeusi kwenye ubao mweupe, ndani ya chumba chenye mwanga uliopangwa, na wewe umesimama tuli. Barabarani jioni mvua ikinyesha hakuna kitu kama hicho.

Chukua watu wawili. Wa kwanza ana ugonjwa wa kurithi wa retina, ule unaoanzia pembeni ukiingia ndani. Anaweza kubaki na tundu dogo la kuona katikati, akasoma maandishi madogo ya kwenye dawa, lakini mlango uliofunguliwa nusu haujui mpaka umgonge. Wa pili doa la katikati ya retina limeharibika. Uso wa mtu aliye mbele yake hautambui na barua haisomi, ilhali kiti kilichokaa pembeni anakikwepa vizuri. Ukitazama ukali wa kuona peke yake, wa kwanza ataonekana mzima. Cheti kinajaribu kurekebisha hilo kwa kuangalia pia upana wa kuona: mtu wa 6/60 au zaidi anaweza kuingia daraja la upungufu mkubwa kama upana wake umefinywa sana, hasa upande wa chini ambako ndiko miguu inakopita. Hata hivyo mtu aliyepoteza nusu ya upana wa kuona baada ya kiharusi mara nyingi huishia daraja la kwanza, na kuvuka barabara kwake ni hatari vilevile.

Wapo pia ambao hawana cheti kabisa kwa sababu foleni ya hospitali ni ndefu, au hakuna aliyewaambia kuwa kipo. Cheti kikifanywa lango, hao wote watabaki nje. Tathmini ya shughuli, ikifanywa vizuri, inawafikia.

Fimbo Ndefu

"Ikifanywa vizuri." Hapo ndipo penye shida yote, Mpimamacho.

Halafu hakuna aliyesema mlango wa pili ufungwe. Mwenye cheti cha upungufu mkubwa apite huku, wengine wapite kwenye pointi kama sasa.

Someni kanuni zenyewe muone zinasemaje. Shughuli ya 8 ni kusoma: asiyeweza kusoma maandishi wala alama kabisa anapata pointi 8. Na kanuni inatamka wazi kwamba "kusoma" hakuhusishi kusoma nukta nundu, kwa hiyo hata bingwa wa nukta nundu haondolewi hata pointi moja. Shughuli moja tu, kiwango cha kawaida kimepatikana. Njoo shughuli ya 11, kupanga na kufuata safari: asiyeweza kufuata hata njia anayoijua bila mtu mwingine, mbwa wa kuongoza au kifaa maalumu cha kumwelekeza, anapata 12. Fimbo ndefu ya kugusa chini ni kifaa hicho. Kiwango cha juu cha kusafiri kimepatikana.

Sasa mtu asiyeona kabisa akikaa saa nzima akihojiwa, ni nini kipya kinachotafutwa? Kinachoongezeka ni nafasi ya kukosea. Ripoti inaandikwa "alimtazama mhoji usoni" kana kwamba asiyeona hajui sauti inatoka wapi. Inaandikwa "aliingia chumbani bila msaada" wakati mhoji alikuwa mbele yake akizungumza na ukumbi ni mtupu. Inaandikwa "anatumia simu vizuri" na hapana neno juu ya programu inayomsomea skrini. Kisha pointi zinatolewa kwa kilichoonekana ofisini badala ya maisha ya mtu.

Dada Rufaa

Nitaingia kati yenu, kwa sababu makosa mengi yanaanzia kwenye fomu kabla mhoji hajafika.

Mtu anaambatanisha CVI, kwenye kila swali anaandika "sioni", anarudisha. Fomu ile, PIP2, haiulizi kama unaona. Inauliza unapikaje, unaogaje, unajuaje nguo ina doa, unajuaje ni kidonge kipi. Kila jibu linatakiwa libebe mambo manne ambayo yamo ndani ya kanuni ya 4: unaifanya shughuli kwa usalama? Kwa kiwango kinachokubalika? Unaweza kuirudia kila inapohitajika? Na haikuchukui zaidi ya mara mbili ya muda ambao asiye na tatizo angetumia kwa kawaida? Likikosekana moja tu, kisheria hesabu yake ni kwamba huwezi. Halafu iwe hivyo katika zaidi ya nusu ya siku zote, si nusu ya siku moja.

Hilo la muda wengi wenye uoni hafifu wanalipoteza bure. Mtu anasema "nasoma kwa lenzi ya kukuza" anapewa pointi 2 za kutumia kifaa, basi. Hasemi kwamba ukurasa mmoja unamchukua dakika 15, macho yanauma, na barua ya pili siku hiyo haisomeki tena. Maelezo hayo ndiyo yanayoonyesha kuwa lenzi haijamaliza tatizo, na kwamba kifungu cha juu zaidi ndicho kinachomhusu.

Kwenye usalama, kuna uamuzi wa mwaka 2017 wa majaji watatu wa Baraza la Juu la rufaa (Upper Tribunal) uliosema si lazima madhara yawe na uwezekano wa zaidi ya nusu. Unaangalia uwezekano na ukubwa wa madhara kwa pamoja. Kumimina maji yanayochemka kutoka kwenye sufuria huku huoni ukingo wake kunaingia hapo moja kwa moja. Andika sufuria, andika mvuke, andika jinsi unavyojua nyama imeiva au haijaiva. Kama kuna mtu anasimama karibu, mtaje: anayehitaji kusimamiwa au kusaidiwa kupika anapata 4, anayetumia kifaa peke yake anapata 2.

Na shughuli ya 11 aliyoitaja kaka Fimbo ina shimo lake. Mhoji anauliza: "Dukani unaenda?" Mtu kwa fahari yake anajibu: "Njia ya dukani naijua kama kiganja changu." Basi anaandikiwa kwamba shida yake ni njia ngeni tu, pointi 10, anapata kiwango cha kawaida badala ya cha juu. Kumbe anaenda na fimbo ndefu kila siku. Jibu sahihi ni: "Naenda kwa fimbo ndefu, bila fimbo siendi." Tofauti ya pointi 2 hizo kwa mwaka 2025/26 ni kati ya pauni 29.20 na pauni 77.05 kwa wiki. Tahadhari: fimbo fupi ya ishara, ile ya kuwajulisha wengine tu kwamba huoni, haisaidii kufuata njia, wala ramani ya kawaida ya kwenye simu si kifaa maalumu.

Kwa hiyo msimamo wangu: tathmini ibaki, ila mwombaji asaidiwe kujaza.

Mwanahesabu

Mnajadili mwenye upungufu mkubwa, mimi nina wasiwasi na wa daraja la kwanza.

Machi 2025 serikali ilipendekeza kwamba kuanzia Novemba 2026 pointi 8 za jumla zisitoshe. Lazima shughuli moja ya maisha ya kila siku iwe na pointi 4 peke yake. Julai 2025 pendekezo hilo liliondolewa kwenye muswada baada ya wabunge wengi wa chama tawala kulipinga, suala likapelekwa kwenye mapitio yaliyokabidhiwa waziri Stephen Timms. Fanyeni hesabu ya mtu mwenye uoni hafifu anayejitegemea kwa vifaa: kupika kwa mizani inayosema na kifaa kinacholia kikombe kikikaribia kujaa, 2. Dawa kwenye kisanduku chenye alama za kugusa, 1. Kuoga kwa kushika chuma ukutani, 2. Kuvaa kwa kifaa kinachotaja rangi, 2. Kusoma kwa lenzi, 2. Jumla 9, anapata leo. Kwa pendekezo lile angetoka mikono mitupu, kwa sababu hana 4 hata moja. Yule asiyeona kabisa angebaki na 8 zake za kusoma.

Ndiyo maana naogopa mfumo wa cheti. Ukishawapa wa daraja la pili mlango wao, kelele zitapungua, na hawa wa 9 watabaki bila wa kuwasemea.

Nuktanundu

Mwanahesabu, hoja yako imenisogeza. Nabadilisha pendekezo langu: cheti kiwe sakafu. Aliyethibitishwa kuwa na upungufu mkubwa aanzie kwenye kiwango cha kawaida cha maisha ya kila siku na kiwango cha juu cha kusafiri. Kwa viwango vya 2025/26 hiyo ni pauni 73.90 na 77.05, jumla 150.95 kwa wiki. Anayedhani anastahili zaidi upande wa kila siku ajaze fomu. Asiye na cheti, au wa daraja la kwanza, ahesabiwe pointi kama sasa, na kanuni za pointi zisiguswe.

Lakini dada Rufaa, hilo la "asaidiwe kujaza" silikubali kirahisi. Mshauri mmoja hawezi kuwa kila mji. Kanuni ikisema wazi, hata aliye peke yake nyumbani anapata haki yake.

Mpimamacho

Sakafu naweza kuiunga mkono, mradi kipimo cha upana wa kuona kihesabiwe sawa na ukali. Marekani wana mfano: sheria yao ya hifadhi ya jamii inamtambua kipofu kwa 20/200 kwenye jicho lililo bora baada ya kurekebishwa kwa miwani, ambayo ndiyo 6/60 yetu, au kwa upana usiozidi nyuzi 20. Kigezo chochote kati ya viwili kinatosha. Ule mlango wa DLA wa 2011 ulikuwa mwembamba zaidi: aliyekuwa kati ya 3/60 na 6/60 alitakiwa pia awe amepoteza kabisa uoni wa pembeni na amebakiwa na nyuzi zisizozidi 10. Tukirudisha mlango ule kama ulivyokuwa, mgonjwa wa retina niliyemtaja anabaki nje, maana ukali wake unazidi 6/60 ingawa upana umekwisha.

Kuna kundi jingine hamjaligusa. Doa la katikati ya retina huharibika zaidi uzeeni. Aliyevuka umri wa pensheni bila kuwa na PIP hawezi tena kuiomba. Anaomba mafao ya uangalizi ya wazee, ambayo hayana sehemu ya kusafiri hata senti moja. Aliyeipata PIP kabla huendelea nayo. Mwenye miaka 65 ambaye macho yake yamekuwa mabaya kwa miezi 3 sasa, na yanatarajiwa kubaki hivyo miezi 9 ijayo, asingoje mjadala wetu uishe.

Dada Rufaa

Kweli kabisa, na kwa huyo wa miaka 65 utaratibu ni huu. Apige simu DWP leo, kwa sababu madai yanahesabiwa kuanzia siku ya simu. Kwenye simu hiyohiyo aombe fomu kwa maandishi makubwa, sauti au nukta nundu. Sheria ya Usawa ya 2010 inawataka wamfanyie marekebisho yanayofaa. Ana mwezi mmoja kuirudisha tangu ilipotumwa, na akiona muda hautoshi aombe nyongeza kabla haujaisha. Aambatanishe CVI, barua ya kliniki ya uoni hafifu, na ripoti ya mwalimu wa fimbo wa halmashauri ikiwepo. Hiyo ya mwisho naithamini kuliko zote kwa shughuli ya 11, kwa kuwa imeandikwa na mtu aliyemwona barabarani.

Akinyimwa, ana mwezi mmoja tangu tarehe iliyo kwenye barua kuomba uamuzi uangaliwe upya. Akichelewa kwa sababu ya msingi, kwa mfano barua ilikuja kwa herufi ndogo akakosa wa kumsomea, bado anaweza kuomba ndani ya miezi 13, na sababu hiyo aiandike. Wakikataa tena, ana mwezi mwingine wa kwenda baraza la rufaa, ambako huketi jaji, daktari na mtu mwenye ujuzi wa ulemavu. Kabla ya kwenda ahesabu pointi alizopewa tayari, maana baraza lina uwezo wa kuziongeza na wa kuzipunguza pia.

Fimbo Ndefu

Na aombe nakala ya ripoti ya mhoji kabla ya kuandika barua ya kwanza ya kupinga. Akute "alimtazama usoni", ajibu sentensi hiyohiyo kwa maneno yake, na aeleze alijuaje mhoji amekaa upande gani.