Land Rover Series III: geji ya mafuta na ya joto zote zinapanda mpaka mwisho, fundi anataka kung'oa waya zote

Mkongwe88
Wakuu, heshima zenu. Nina Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile fupi ya inchi 88, petroli, injini ya 2.25. Nimeachiwa na mjomba huku Iringa. Injini haina neno, tatizo ni dashibodi.

Nikifungua swichi, mshale wa mafuta unapanda taratibu mpaka unapita F, hata tangi likiwa na lita chache. Wa joto nao unasogea karibu na nyekundu, wakati rejeta haichemki wala maji hayapungui. Usiku nikiwasha indiketa, taa za dashibodi zinafifia na kurudi kwa kuifuata. Halafu taa nyekundu ya chaji haiwaki kabisa. Betri inachaji, ila mpaka nikanyage mafuta kwanza.

Fundi umeme wa hapa anasema waya zimechoka, ang'oe zote afunge na geji za Hilux. Sijamkubalia. Maltimita ninayo, bisibisi ninayo. Nianzie wapi? Nawasilisha.

Dogo_Spana
Mkuu funga geji za Hilux uendelee na maisha. Lucas, mtengenezaji wa vifaa vya umeme vya gari hilo, alishatutesa vya kutosha 😂

FundiMstaafu
Dogo, sensa za tangi na za joto za gari hilo hazisomani na geji za Hilux. Atafunga geji mpya na zitadanganya vilevile.

Mkongwe, ngoja kwanza. Geji mbili hazifi siku moja kwa mtindo mmoja. Zikikosea pamoja, na zote zikikosea kwenda juu, tafuta kile zinachochangia. Hapo kinachochangiwa ni stabilaiza ya volti, kikopo kidogo cha bati nyuma ya paneli ya geji.

Geji za Smiths za gari lako hufanya kazi kwa joto. Ndani kuna utepe wa metali mbili uliozungushiwa waya. Umeme ukipita waya unapata moto, utepe unapinda, mshale unasogea. Ndiyo maana unapanda taratibu. Sasa umeme wa gari unabadilika, 12 injini ikiwa imezimwa, 14 alteneta ikichaji. Geji ikilishwa moja kwa moja ingesoma juu kila unapokanyaga mafuta. Kwa hiyo stabilaiza inakata na kuunganisha, kata-unganisha, wastani wake unakuwa kama volti 10.

Nayo inajikata kwa joto hilohilo, na ili ipate joto lazima iwe na ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) kupitia bati lake na skrubu inayoishikilia. Skrubu ikilegea au ikishika kutu, haipati moto, haikati, inapitisha volti zote za betri. Geji zote mbili juu. Ingekuwa imekwama ikiwa imekata, zote zingelala chini.

Mkongwe88
Shikamoo mzee. Nikishafungua paneli nitaijuaje? Waya zote zimepakwa vumbi rangi moja.

FundiMstaafu
Marahaba. Toa kebo ya hasi ya betri kwanza, usinione mzee mwoga. Fungua skrubu za paneli, fungua kebo ya spidomita kwa nyuma, ivute polepole. Waya futa kwa kitambaa chenye spiriti, rangi zitarudi:

kijani tupu: umeme kutoka swichi kupitia fyuzi, unaingia stabilaiza kwenye ncha yenye herufi B
kijani hafifu: unatoka kwenye ncha yenye herufi I kwenda geji zote mbili
kijani chenye mstari mweusi: sensa ya tangi
kijani chenye mstari wa bluu: sensa ya joto
nyekundu chenye mstari mweupe: taa za dashibodi
kahawia chenye mstari wa njano: taa ya chaji
nyeusi: ethi

Rudisha betri, fungua swichi, pima kati ya I na bodi. Namba zikirukaruka, inafanya kazi. Ikisimama palepale kwenye volti za betri, umemkamata.

KirinyagaRoad
Salamu kutoka Nairobi. Hizo taa zinazofifia na indiketa pia ni ethi. Umeme ukikosa njia ya kurudi unapitia kwa jirani. Ongeza waya mpya mweusi kutoka paneli hadi kwa bodi, pale umekwangua rangi mpaka metali ionekane.

Taa ya chaji ni maneno mengine. Kwa alteneta za Lucas za wakati huo, umeme wa kuamsha alteneta unapitia kwa hiyo balbu. Balbu ikiungua, alteneta inalala mpaka injini izunguke sana. Hebu angalia kama kuna mtu aliweka LED hapo. LED haipitishi umeme wa kutosha. Rudisha balbu ya kawaida ya wati 2.2.

Mkongwe88
Zote ni LED! Mjomba alizipenda.

Dogo_Spana
Ukirudisha weka na fyuzi za ampia 35, ndivyo kitabu kinavyosema.

FundiMstaafu
Kitabu kinasema 35 ya Lucas. Hiyo 35 ni kiwango cha kuungulia; mfululizo inabeba 17. Fyuzi nyingi za dukani leo zinaandikwa kile zinachobeba. Akiweka 35 ya leo, ikipiga shoti waya utaungua kabla ya fyuzi, na moto uko nyuma ya dashibodi. Aweke 15 au 17 ya kawaida.

Mkongwe88
Mrejesho. Kwenye I nilikuta 12.4, imetulia tuli. Skrubu ilikuwa na kutu ya kijani. Nimepiga msasa, nimeongeza waya wa ethi, sasa namba zinarukaruka na mshale wa mafuta umeshuka robo. Taa hazifuati tena indiketa, na balbu ya chaji inawaka na kuzimika inavyotakiwa. Ila geji ya joto bado iko juu kidogo ya katikati.

FundiMstaafu
Chomoa waya wa kijani-bluu kwenye sensa, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukilala kwenye baridi, waya ni mzima, shuku sensa. Usipolala, waya umegusa bodi mahali. Usijaribu kwa kuugusisha kwenye bodi muda mrefu, utaiunguza geji. Kwenye tangi jaribio hilo ufanye swichi ikiwa imezimwa unapochomoa. Liko chini ya kiti chako na mvuke wa petroli hauna subira.

KirinyagaRoad
Na hiyo stabilaiza ikirudia, usihangaike kutafuta ya zamani. Kuna regyuleta ndogo ya 7810, inatoa volti 10 bila kukatakata. Bati lake la mgongo ni ethi, kwa hivyo ifunge moja kwa moja kwa bodi. Inafaa gari ambalo hasi ya betri imefungwa kwa bodi, na Series III zote ziko hivyo.

Mkongwe88
Hiyo 7810 kwa Dar naipata Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya redio, au lazima niagize?

Dogo_Spana
Kariakoo zipo mkuu. Mwambie muuzaji unatengeneza redio, ukitaja Land Rover bei inapanda kama mshale wako.