Dodoma hadi Babati kwa baiskeli: tulale wapi, na huo mlima upo kweli?

Karani wa Nkuhungu

Wadau, habari za jioni. Nina likizo mwezi wa nane na safari hii siendi nayo kijijini kuulizwa na shangazi nitaolewa lini. Nataka kuendesha baiskeli kutoka Dodoma mjini mpaka Babati, mimi na mdogo wangu wa kiume. Ni kilomita 251, lami tupu. Baiskeli zetu ni za mtumba. Yangu ina gia 21, ingawa zinazokubali kuingia ni kama kumi na tatu. Kila Jumamosi tunakwenda Makutupora na kurudi, kwa hiyo miguu si mibovu sana.

Mpango ni siku ya kwanza tulale Kondoa, ya pili Babati. Kazini mmoja kaniambia nitaliwa na fisi, mwingine kaniuliza kwa upole kama nimeishiwa nauli. Hema hatuna, na nasikia njiani kuna mlima mkali. Wenye kuijua njia, naomba msaada.

Mzee Karia

Binti yangu, huo mpango wa Kondoa kwa siku moja ufute kabla haujakauka. Kondoa ni karibu kilomita 160. Mimi nimeipita njia hiyo miaka mingi ikiwa bado vumbi, juu ya baiskeli ya Phoenix nyeusi, matenga mawili ya kuku kwenye karia. Sikuwahi kufika kwa siku moja, na wakati huo nilikuwa kijana. Lami mnayoiona ilizinduliwa 2018 tu. Kabla ya hapo, mvua ikinyesha, basi lilikuwa linalala njiani na abiria wake, na sisi wa baiskeli tunalipita tukiwa tumebeba baiskeli mabegani.

Gaweni safari mara tano. Siku ya kwanza piteni Mayamaya, kama kilomita 44, halafu ongezeni vijiji mpaka jua lianze kulegea. Hapo ulizeni ofisi ya kijiji. Mtendaji au mwenyekiti akiwaona na akiandika majina yenu, mtapata pa kulala, hata kama ni darasa la shule na mkeka. Msijifiche kulala porini. Si kwa sababu ya fisi. Mgeni aliyejificha ndiye anayewatia watu wasiwasi. Na ukifika kwa Wagogo anza na "mbukwenyi", utaona sura zinavyofunguka. Siku ya pili laleni Chemba, ni makao makuu ya wilaya, gesti zipo. Ya tatu Kondoa, mfike mapema mfue nguo.

Sasa jambo lenyewe: MBIGILI. Fisi hajawahi kunisumbua hata siku moja. Mbigili zimenilaza njiani mara sina hesabu. Siku moja karibu na Chemba niliegemeza baiskeli chini ya mgunga nipumzike, nikaitoa na miiba kumi na moja kwenye tairi la nyuma. Nilikaa hapo mpaka kuku wawili wakafa kwa joto. Kwa hiyo mkitoka kwenye lami, hata hatua tano kwenda kununua maji, baiskeli inuliwe, isiburutwe. Mkipata pancha, kabla ya kurudisha tyubu pitisheni kitambaa ndani ya tairi lote. Msitumie kidole. Kitambaa kitanasa palipobaki mwiba. Anayeziba tundu akauacha mwiba ndani ataziba tena baada ya nusu saa.

Na mafundi wa huko wana tyubu za inchi 28, za Phoenix. Za kwenu nadhani ni 26. Msipobeba zenu, mtasukuma mpaka Kondoa.

Mwezi mmechagua vizuri bila kujua. Hakuna mvua, upepo wa kusini mashariki utawasukuma mgongoni, na Makutupora zabibu za msimu wa pili zinaanza kuiva. Kuleni kiasi. Kilo nzima tumboni na jua la saa saba havikai pamoja.

Nusu Tairi

Mzee kamaliza karibu yote. Mimi niliendesha kutoka Kondoa hadi Babati mwaka juzi na wenzangu watatu. Naongeza la magari. Mabasi na malori yanapita kwa kasi, na lori likikupita karibu, upepo wake unakutupa pembeni kwanza kisha unakuvuta. Mimi nilitupwa kwenye changarawe, goti lina alama hadi leo. Ukisikia muungurumo nyuma, punguza, shika usukani kwa mikono yote miwili. Vaeni nguo za rangi kali. Na msitoke saa kumi na moja alfajiri kama wazee wanavyopenda kushauri. Subirini kupambazuke, dereva akuone.

Mlima upo. Kondoa mpaka Kolo ni kupanda na kushuka, kawaida tu. Kuelekea Bereko ndiko utakakozijua hizo gia kumi na tatu ni zipi. Sisi tulisukuma na hatuoni aibu. Ukishafika juu kuna baridi, misitu, halafu mteremko mrefu wa kwenda Bonga. Kagueni breki Kondoa, si mkiwa juu.

Kolo msiipite. Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Mnaripoti ofisi ya mambo ya kale pale pale Kolo, mnapewa mwongozaji. Njia ya kwenda Mungomi, penye michoro yenyewe, ni ya vumbi, mwisho mnapanda kwa miguu. Kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na wazee wa huko bado wanakwenda kufanya matambiko. Tengeni nusu siku.

Karani wa Nkuhungu

Shikamoo mzee, na asante Nusu Tairi. Nimefuta, sasa ni siku tano. Maswali mawili: chakula njiani, na watu wanatuchukuliaje?

Mzee Karia

Marahaba. Ugali na mlenda hamtakosa, chai na chapati kila penye vibanda vitatu. Kondoa tafuteni asali. Kama safari ingeangukia Ramadhani ningewaambia mbebe chakula cha mchana, maana pale mjini hoteli nyingi hufungwa.

Watu watawaonea huruma. Mtu mzima mwenye kazi juu ya baiskeli bila mzigo, watajua gari limekufa. Mimi nilikuwa na kuku, hakuna aliyeniuliza. Watoto watawaita wazungu kwa sababu ya kofia, itikieni tu.

Mkitoka Kondoa mtaona makorongo mekundu yaliyoota miti. Mwaka 1979 ng'ombe wote waliondolewa huko ili ardhi ipone. Baba yangu alitoa kumi na wawili, akanuna miaka. Simameni hapo mnywe maji. Baiskeli ikae juu ya lami.

Karani wa Nkuhungu

Nimekwenda kuangalia tairi sasa hivi kwa tochi ya simu. Ni 26. La mdogo wangu ni 27 na nusu.

Mzee Karia

Basi nunua nne, mbili za kila namba. Na ya kwake ianze kutafutwa leo.