Tupeane uzoefu: mistari ya kidijitali inayotetemeka, wewe uliitibuje?

#1
Wakuu, habari zenu. Kwenye karatasi mimi si haba. Penseli inanitii, nikichora sura ya mtu wanaomjua wanacheka. Balaa ni kwenye kompyuta. Rasimu inatoka na uhai wake, lakini nikifungua leya mpya (yaani karatasi angavu ya kidijitali) juu yake ili nipitishe mistari safi, uhai wote unakata. Mstari wa shavu unatambaa kama siafu aliyepotea njia. Jana nimechora mkono mmoja, mkono tu, saa mbili na nusu, na Ctrl+Z ya kufuta hatua nimeibonyeza mpaka kidole kinauma.

Ushauri wa "fanya mazoezi" nimeusikia, nashukuru. Nataka kwa waliopita hapa: ni kitu gani hasa kilikuwa kinakuharibia mistari, na ulikigunduaje?

#2
Mkuu, huo mkono uliukuza asilimia ngapi kwenye skrini?

#3
(Mwenye uzi) Mia nne, mia tano hivi. Nilikuwa naona pikseli moja moja.

#4
Basi umeshajijibu. Mimi huo ugonjwa nimeuugua karibu mwaka mzima. Ukikuza hadi 500%, mstari wa kope unakuwa safari ya kutoka ukingo mmoja wa skrini hadi mwingine. Mkono unaenda polepole kwa uangalifu, na mkono unaoenda polepole ndio unaotetemeka. Kisha unapoteza nusu saa kusawazisha kinundu ambacho ukirudisha picha kwenye ukubwa wake hakionekani hata kwa tochi. Siku hizi mistari mirefu naichora picha ikiwa 100% au chini yake, kwa mkupuo mmoja, mkono ukianzia begani. Kukuza ni kwa macho na kucha tu.

Ila kagua pia ukubwa wa kanvasi. Mimi nilikuwa nafungua pikseli 800 kwa 600 halafu nalaumu brashi kwamba ina kingo za ngazi. A4 kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 ni pikseli 2480 kwa 3508, na kwa mistari mitupu ya kuchapishwa wengi hupanda hadi dpi 600. Kompyuta yako ikianza kukohoa, punguza.

#5
Yangu ni ya aibu kidogo. Kila duara nililochora lilikuwa yai. Nilidhani ni mkono, nikajaza kurasa na kurasa za maduara kama mtoto wa chekechea. Siku moja, kwa hasira tu, nikaweka kifuniko cha chupa juu ya tableti ya kuchorea nikakizungushia kalamu. Kwenye skrini: yai, limelala.

Kumbe tableti ilikuwa na umbo la 4:3 na skrini ni 16:9, na programu ya tableti ilikuwa inainyoosha tableti nzima ijaze skrini nzima. Macho yanaona kitu kimoja, mkono umefanya kingine, ubongo umekaa katikati unasuluhisha. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua uwiano ulingane. Kipande cha chini cha tableti kimekufa, hakifanyi kazi tena, wala sikililii. Jaribu hicho kifuniko kabla hujafanya lolote lingine, ni dakika moja.

#6
Jamani mnazunguka, stabilaiza ipo, ile ya programu inayokunyooshea mstari! Mimi niliiwasha na matatizo yakaisha.

#7
@6 hayaishi, yanahama. Mimi nilikuwa kwenye programu ya Clip Studio Paint, ambako kipimo cha stabilaiza kinaanzia 0 hadi 100, nikakipeleka 80 nikakaa hapo kama mfalme. Nywele zikawa tamu, zinateleza. Kisha nikatazama vidole: ndizi tano. Viwiko: mviringo. Nguo haina kona hata moja.

Stabilaiza ni kama mkokoteni nyuma ya punda. Punda akikata kona ghafla, mkokoteni unapita ndani, kona haufiki. Kwa mkunjo mrefu iache juu, kwa vidole na mikunjo ya nguo ishushe mpaka chini ya 20. Kwenye Krita (ni ya bure, kwa asiyejua) kuna ngazi zake kwenye mipangilio ya zana ya brashi, kuanzia bila kulainisha kabisa. Anza na ile ya kawaida, stabilaiza yenyewe iwe ya siku maalumu.

#8
Sisi wa kidole kwenye simu tusisahaulike. Kidole hakina mgandamizo, kwa hiyo mstari unatoka na unene mmoja mwanzo hadi mwisho, kama waya wa umeme. Kwenye programu ya ibisPaint kuna kuiga mgandamizo kwa lazima, ncha za mstari zinachongoka zenyewe. Hilo moja lilibadilisha michoro yangu kuliko kitu kingine chochote. La pili ni jasho: kidole kikilowa kinakwamakwama kwenye kioo na mstari unaruka. Nina kitambaa kikavu mkono wa kushoto muda wote, kama mpika chapati.

#9
Nimewasoma wote, mko sawa, lakini mimi mkosaji hakuwa mkono wala mashine. Alikuwa rasimu.

Angalia rasimu yako vizuri, mwenye uzi. Shavu lina mistari mingapi? Yangu ilikuwa na saba, minane, na jicho lilikuwa linapenda ule wingi, linajichagulia shavu zuri humo ndani. Nikija kupitisha mstari mmoja, nilikuwa sijaamua shavu liko wapi. Nilikuwa nataka kuamua na kuchora safi kwa wakati mmoja, haiwezekani.

Sasa nina rasimu ya pili. Ile ya kwanza naififisha hadi asilimia 20 au 30, naipaka samawati, kisha juu yake nachora tena taratibu na kuamua kila kitu, hata kidole kinachojificha nyuma. Hiyo samawati si urembo: wachoraji wa kuchapishwa walichora rasimu kwa penseli ya samawati nyepesi kwa sababu filamu ya kamera za uchapaji haikuishika, wino mweusi ndio uliobaki. Kwetu faida ni kwamba huchanganyi mstari wa zamani na mpya.

Mistari safi ikija, kazi imebaki unene tu. Mzito pale kidevu kinapofunika shingo, kwapani, chini ya mdomo wa chini. Mwembamba pale mwanga unapopiga. Nywele nazichora kwenye leya ya vekta (inayokumbuka kila mstari kama kitu kizima, si pikseli), naziachia zipitilize, halafu kifutio cha vekta kinakata kile kipande kilichovuka makutano. Kusimamisha mkono mahali halisi ndiko kulikokuwa kunaniletea vile vinundu vya mwisho wa mstari.

#10
(Mwenye uzi) Nimerudi. Kifuniko: duara safi, kwa hiyo tableti haina kesi. Rasimu: @9 umenivua nguo hadharani, shavu lilikuwa na mistari kumi na moja, nimehesabu. Nimechora upya ule mkono kwa 100%, rasimu mbili, dakika arobaini. Vidole vinne vimekubali. Gumba limegoma, ule mkunjo wake wa nje kila nikiupitisha unavunjika katikati.

#11
Unatumia mkono wa kulia? Mkunjo unatazama kushoto au kulia?

#12
(Mwenye uzi) Wa kulia. Unatazama kulia.

#13
Kiwiko kikitulia, mkono unazunguka kama mguu wa bikari, na upinde unaoutoa bila jasho ni mmoja tu. Huo wako uko upande wa pili. Usiulazimishe, geuza kanvasi. Kwenye Krita ni namba 4 na 6, ukibonyeza 5 inarudi sawa.

#14
(Mwenye uzi) Nimeligeuza gumba kichwa chini. Mstari mmoja, limekaa.